Kicheko Kilichokauka na Chungu

Makumbusho yetu hayana vibao vya maelezo. Wageni wakija mara ya kwanza wanatafuta pa kusoma. Wanainama, wanachungulia chini ya meza, wengine wanavaa hadi miwani, halafu wanakata tamaa na kufanya kile tulichotaka wafanye tangu mlangoni: wananyamaza. Hapo ndipo vitu vinapoanza kusema. Ukisimama mbele ya jembe unasikia udongo mkavu ukikatika, kisha mwanamke akihema, kisha kwa mbali mvua ya kwanza ikija juu ya majani. Hakuna anayekuambia jembe ni kitu gani. Unaondoka umeshika kiuno.

Mimi ndiye mpanga-sauti wa nyumba hii, hapa kilimani Iringa. Jina langu Osmunda Komba, Mngoni wa Peramiho. Kazi hii naipenda kiasi kwamba wakiacha kunilipa nitaendelea kuja, ila tafadhali msiwaambie.

Vyombo vya udongo havinihitaji mimi nivipangie sauti. Vina za kwao. Udongo mbichi ni msikivu kuliko mmbea yeyote: mtu akiongea karibu nao unatetemeka, mtetemo mdogo usioonekana kwa macho, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyoushika. Moto ukija kuuchoma, mtetemo umefungwa humo moja kwa moja. Mashine yetu inapitisha mwanga, inaupapasa mtetemo, inaurudisha kuwa sauti. Ina jina refu la kitaalamu lenye herufi na tarakimu, lakini sisi tunaiita Kiopoo, kama ile ndoano ya kuopolea ndoo iliyozama kisimani. Ubaya wake ni mmoja. Mwanga unapopapasa, unafuta. Chungu kinasema mara moja tu, na sauti inabaki kwenye nakala mama. Nakala mama nayo ikifutwa, imekwisha.

Anayeiendesha Kiopoo ni Yusta Kikoti, Mhehe wa Kalenga, mtani wangu: Wahehe hutusema Wangoni tunakula panya, sisi tunawasema wanakula mbwa.

"Kamwene, Mngoni," hunisalimu kila asubuhi. "Umeshapata panya wa kunywea chai?"

"Nimemwachia mbwa wako," namjibu. "Kama bado hujamla."

Mkurugenzi wetu, aliyetoka nchi isiyojua utani, mwezi wake wa kwanza alituitia kikao cha usuluhishi. Tulikaa mbele yake kwa heshima zote, tukapewa maji ya chupa, tukasuluhishwa. Mpaka leo tukikumbuka hatuna mbavu.

Wiki ya mwisho kabla ya kufungua kumbi mpya ndipo kilipotuletea makubwa chungu cha Ngwada.

*

Kilikuwa chungu kikubwa cha ulanzi, pombe ya mianzi, kimepita mikononi mwa ukoo wa Ngwada, Wahehe kama Yusta, tangu enzi za mzee wao aliyekuwa jumbe. Mkewe ndiye aliyekifinyanga. Nje kilikuwa cheusi tititi kwa masizi ya vizazi, na mwanga wa Kiopoo haupiti kwenye masizi, kwa hiyo tulianza kukisoma kwa ndani huku Yusta akiendelea kukisafisha nje taratibu, kwa brashi laini.

Kanuni yetu ni kwamba wenye chombo husikia kwanza. Basi siku ile ya kusoma ndani alikuja Kasiani Ngwada, mkuu wa ukoo, mkaguzi wa magari ya angani. Anatembea shingo imenyooka kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa, na kila jambo kwake ni "kwa mujibu wa utaratibu". Alikuja na mama yake, Mama Agripina, mjane wa mwaka mmoja. Kwenye mkoba alikuwa amembebea chakula.

"Mama, onja kidogo tu."

"Nimeshiba, baba."

"Umeshiba nini na hujala tangu jana?"

Mama alitabasamu kwa adabu na kutazama pembeni. Nilimhurumia Kasiani pale, mwanamume mzima ameshika kijiko hewani.

Yusta akawasha mashine. Kwanza tulisikia ngoma. Halafu wanawake wakicheka, na si kile kicheko cha kuficha mdomo kwa kanga, ni kile cha kushikana mabega ili msidondoke. Juu yao sauti ya mwanamke mmoja, kavu, yenye lafudhi ya kwetu Ungoni, akiigiza mwanamume mzee mwenye makuu: "Nani kafungua mlango? Kuku wangu wataingia! Nani kagusa ulanzi wangu? Mimi ndiye jumbe hapa!" Umati ukaangua kicheko upya, sahani zikagongana, mtu akapiga kigelegele.

"Harusi!" alisema Kasiani. "Hiyo ni harusi ya babu!"

Nani angembishia? Chungu tukakitengea nafasi ya mbele katika Ukumbi wa Harusi, na mimi nikaanza kukiandalia mapambo.

Nieleze jambo hapa, maana bila hilo hamtaelewa kosa letu. Siku hizi misiba ni ya kimya. Kampuni ya mazishi inakuja, kila mfiwa anavalishwa vipokea-sauti na kuchagua muziki wake wa kumliwaza, mnasimama mkitazama chini, mnaondoka. Watu wanaona ndiyo heshima. Baba yake Kasiani alizikwa hivyo. Mama Agripina alinisimulia kwamba siku ile alichaguliwa mlio wa maji yanayotiririka, na hakusikia hata mtu mmoja akilia.

*

Baada ya siku tatu Yusta alimaliza masizi, nasi tukawaita tena. Safari hii Kasiani alikuja na dada zake wawili na shemeji, wamevaa kama waendao harusini kweli. Mama Agripina alikaa kiti cha mbele. Niliwaeleza kwamba udongo hukauka nje kwanza na ndani mwisho, kwa hiyo sasa tutasikia mwanzo wa sherehe.

Yusta akawasha.

Ilikuwa kilio. Si cha mtu mmoja, ni cha kijiji. Wanawake wanalia kwa kupokezana, wanaume wanakohoa kikohozi cha kuzuia machozi, na mtu mmoja anatangaza jina: Ngwada ametuacha, jumbe ametuacha, nyumba imebaki na nguzo gani. Karibu kabisa na chungu, mwanamke hasemi kitu. Tunasikia pumzi yake tu.

 Dada mmoja alishika mdomo.

"Zima," alisema Kasiani.

Yusta akazima.

"Kwa hiyo ile," alisema polepole, "ile haikuwa harusi. Ni msiba. Babu yangu amelala ndani, hajazikwa, na watu wako nje wanacheka. Wanamuigiza. Wanapiga vigelegele!" Sauti ilimpanda. "Na sisi tumeutangazia ukoo mzima wafurahie!"

"Kaka Kasiani, bado katikati hatujasoma. Pengine..."

"Katikati hapasomwi. Sheria inampa mrithi sauti za marehemu wake. Ijumaa asubuhi nitakuja kufuta kwa mkono wangu, zote, na chungu kirudi nyumbani. Kwa mujibu wa utaratibu."

Akatoka na shingo yake. Alikuwa na hasira kiasi cha kusahau koti lake juu ya kiti. Mama Agripina alikuwa wa mwisho kuinuka. Pale mlangoni aligeuka akakitazama chungu, kisha akawafuata watoto wake.

*

"Nakili," alisema Yusta. Tulikuwa tumebaki wawili, kijiti cha kumbukumbu kipo kiganjani mwake. "Soma katikati, nakili yote, ficha. Afute ya kwake. Nani atajua?"

Nilikitamani kijiti kile, sitadanganya. Kulikuwa na kilio upande mmoja wa udongo na kicheko upande mwingine, unene wa kidole, na kilichowatoa watu huku kikawafikisha kule kilikuwa katikati, hakijasikiwa na yeyote aliye hai. Nilikuwa radhi kutoa jino.

Lakini wale watu walitufungulia nyumba yao. Kesho mama mwingine ataleta mtungi wa bibi yake akituamini kwamba akisema basi, ni basi. Makumbusho yenye kudokoa sauti za watu yatasema nini ambacho mtu atakiamini?

"Hapana," nilimwambia. "Tukificha tutakuwa wezi."

"Basi acha afute."

"Nalo hapana. Yule mwanamke aliyekuwa anaigiza si wa ukoo wa Ngwada. Ni Mngoni yule, umesikia lafudhi. Kicheko kile ni cha kwake pia. Yeye anasemewa na nani?"

Yusta alikuna kichwa kwa brashi ya masizi, akajichafua paji lote la uso. "Mngoni," alisema taratibu, "mwenzenu alifuata nini kwenye msiba wa Wahehe?"

Nikampigia simu shangazi yangu Peramiho. Nilimsimulia kila kitu. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Alifuata kazi, mwanangu! Mtani msibani ana kazi. Bibi yangu aliifanya. Mnavaa nguo za marehemu, mnatembea kama yeye, mnamsema uchoyo wake, mnalala kaburini hakuna kuzika mpaka mlipwe kuku. Wafiwa wanalia, nyie mnawachekesha. Na mwenye msiba haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Misiba yenyewe siku hizi mnavaa vitu masikioni."

Nilikata simu nikakitazama kile kiti. Koti la Kasiani lilikuwa bado limekaa pale, jeusi, mabega yamejaa kana kwamba mwenyewe yumo ndani.

"Usithubutu," alisema Yusta, lakini alikuwa ameshaanza kucheka.

*

Ijumaa asubuhi walikuja wote. Kasiani alitangulia, kidole cha kubonyezea kimeshakunjuliwa. Akafika mlango wa chumba cha Kiopoo akasimama ghafla, kwa sababu kizingitini nilikuwa nimelala mimi, chali, nimevaa koti lake.

"Dada Osmunda! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimelala. Maiti haipiti hapa."

"Maiti gani? Unaumwa?"

"Naumwa njaa. Mimi Mngoni, mtani wenu. Nimekuja kwenye msiba wa Mzee Ngwada, nimechelewa kidogo, barabara mbaya. Kuku wangu yuko wapi?"

 Kama hili lisingeshika, nilikuwa nimefukuzwa kazi nikiwa sakafuni. Shemeji alimtazama Kasiani, Kasiani akamtazama Yusta, na Yusta, Mungu ambariki, akakunja mikono kama mtu wa upande wa wafiwa.

"Mlipeni tu, jamani. Wangoni nawajua. Huyu hatatoka."

"Huu ni upuuzi," alisema Kasiani. "Inuka. Kuna sheria. Kuna..."

Nikainuka. Nilinyoosha shingo, nikajitwika ile ndoo isiyoonekana, nikaanza kutembea mbele yake kwenda na kurudi, hatua fupi za mkaguzi, kidole juu. "Chungu hiki," nilisema kwa sauti yake, "kimeegeshwa mahali pasiporuhusiwa. Kwa mujibu wa utaratibu! Nani amecheka hapa? Kicheko kina kibali? Lete kibali!" Nikakikagua chungu kwa chini kama kinavyokaguliwa chombo cha angani, nikagonga ubavu wake, nikatikisa kichwa. "Hakina taa za nyuma!"

Dada mkubwa alikohoa. Haikuwa kikohozi. Dada mdogo aliugeukia ukuta, mabega yanatikisika. Kasiani alifungua mdomo na hakukuwa na kitu cha kutoka, maana neno lake nilikuwa nimelichukua mimi.

Ndipo Mama Agripina aliposema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Kasi. Ndivyo unavyotembea kweli."

Akacheka. Kilimtoka kidogo, kama kinachochungulia mlangoni kuona kama kuna watu, kisha kikaja chote. Alicheka ameshika mgongo wa kiti, machozi yanamtiririka, na binti zake wakacheka na yeye, na shemeji akaketi sakafuni. Kasiani alimtazama mama yake. Nadhani alisahau kwamba sisi wengine tupo. Uso wake ulipita hasira, ukapita aibu, ukafika mahali ambapo mdomo wenyewe ulianza kumsaliti.

"Zile taa za nyuma," alisema hatimaye, "umenionea." Akacheka na yeye, kicheko kibaya cha mtu asiye na mazoezi.

Sikumwacha apoe. "Sasa malipo yangu. Sheria ni yako, kidole ni chako, sikukatazi. Lakini mtani halali kaburini bure. Kuku mmoja, na chungu kimalizie sentensi yake. Msikie katikati. Baada ya hapo ukitaka kufuta, futa, nitakushikia koti."

Alimtazama mama yake tena. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akavuta kiti, akaketi karibu kabisa na chungu, mkono juu ya mdomo wake wa udongo.

"Washa," alisema Kasiani.

*

Katikati ya chungu kulikuwa kimya kwanza. Kilio kilikuwa kimechoka. Tulisikia moto ukitatarika nje, mtoto akinyamazishwa, na sauti ya mwanamke mzee ikibembeleza: "Mama, onja. Siku ya pili hii. Uji tu, onja." Yule wa karibu na chungu, mwenye pumzi, hakujibu. Niliona mkono wa Mama Agripina umekaza.

Halafu vishindo vya miguu, na ile sauti kavu, yenye lafudhi ya kwetu.

"Hodi! Mimi Mngoni, mtani wenu. Nimeambiwa jumbe kalala mchana kweupe. Tangu lini mvivu huyu?"

Mtu mmoja alivuta pumzi kwa mshtuko. 

"Au ameuficha ulanzi ndani anatungoja tuondoke? Ngojeni, nipeni koti lake. Hilo. Haya." Kitambaa kikachakarika. Ikaja ile sauti ya kuigiza, na sasa tulijua ilikuwa ya nani na ilikuwa kwa ajili ya nani. "Nani kafungua mlango? Kuku wangu wataingia!"

Kimya. Kisha pale pale ubavuni mwa chungu, karibu kiasi cha kukwaruza spika zetu, mwanamke mmoja alicheka. Mara moja, kifupi, kimechanganyika na kwikwi, kama kilichomponyoka. Nyuma yake mtu akapiga kelele kwa furaha:

"Amecheka! Mama amecheka!"

Nyumba nzima ikalipuka. Ngoma ikaanza mahali fulani uani. Na katikati ya zogo lile, kwa Kiswahili cha zamani, sauti iliyokauka kwa kilio ikasema taratibu:

"Nipeni huo uji."

Yusta alizima mashine bila kuambiwa. Uso wake ulikuwa umelowa.  

Mama Agripina aliutoa mkono kwenye chungu.

"Kasi," alisema. "Kwenye huo mkoba wako kuna nini leo?"

"Ndizi, mama. Ndizi za nyama."

"Lete."

Alikula pale pale, ndani ya chumba cha Kiopoo, ambamo ni marufuku hata kutafuna pipi. Alikula mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli. Kasiani alisimama pembeni yake, na kile kidole chake cha kufutia alikuwa anapangusia macho.

*

Jumamosi tulifungua. Chungu hatukukiweka Ukumbi wa Harusi wala Ukumbi wa Kilio. Tulikiweka kwenye ukumbi mwembamba unaoziunganisha, kwa kuwa ndipo kwao. Mgeni anakipita kutoka upande wa machozi akitokea upande wa vigelegele, na sikuongeza hata mlio mmoja wa kwangu. Watu walipita wakilia na kutoka wakicheka. Wazee wawili wasiojuana, Mhehe na Mngoni, walikutana pale mbele yake na kuanza kutukanana kwa mapenzi mpaka walinzi wakaingiwa na wasiwasi. Mkurugenzi alinivuta pembeni kuniuliza kama aitishe kikao.

Saa za mchana nilimwona Kasiani akikata umati, shingo imenyooka, koti limefungwa vifungo vyote. Mkononi alibeba kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe. Mama yake alikuja nyuma yake, anacheka kabla ya kitu chochote kuchekesha. Kasiani alisimama mbele yangu, akakohoa kama anayesoma tangazo la serikali.

"Dada Osmunda. Kwa mujibu wa utaratibu, ukoo wa Ngwada umeleta malipo ya mtani."

Nikafunua kitambaa. Kuku mweupe, mnono, alinitazama kwa dharau kubwa.

"Samahani lakini," alisema Kasiani, na nikaona mdomo umeanza kumtetemeka. "Tumezunguka soko zima. Panya walikuwa wamekwisha."